Shuka la Nyumbani na Shuka la Barua

Mnamo mwezi wa Januari, miaka michache iliyopita, dada yangu alinijia Kilifi kutoka Mambrui akiwa ameshika barua. Mwanawe wa pili alikuwa amefanya vyema katika mtihani wa KCPE, mtihani ambao wasomaji wanakumbuka kwamba ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na alikuwa amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza katika shule moja ya bweni iliyoko nyanda za juu, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barua ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa tatu zilizobanwa kwa pini. Dada yangu aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni cha sokoni, nacho humtosha kwa wageni wanaofika Mambrui kutazama bahari, lakini hakimtoshi kwa barua ya mwalimu mkuu.

"Kaka," aliniambia, "nisomee hapa penye vitu vya kulalia. Hayo ya sare nimekwisha elezwa na mwenye duka."

Nikamsomea. Godoro moja, na vipimo vyake. Mto mmoja na foronya yake. Mashuka jozi mbili, yaliyoandikwa kwa lile neno la Kiingereza lenye kitanda mbele yake. Kisha mstari wa mwisho, "blanket or shuka". Dada yangu aliposikia hapo alitabasamu, kwa kuwa katika kurasa zile tatu hilo lilikuwa neno la kwanza alilolitambua bila ya kufasiriwa.

"Blanketi au shuka," nikamwambia. "Chagua mwenyewe."

"Basi shuka. Ya nini kutupa pesa kwenye blanketi na mashuka yamejaa nyumbani?"

Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliyekaa miaka mingi nikiwafundisha vijana habari za maana na matumizi ya maneno, nikamjibu kwamba asemalo ni kweli. Tulikuwa katikati ya kaskazi. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni nikiwa nimeketi kivulini, na wazo la blanketi lilikuwa kama wazo la jiko la makaa.

Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, mtoto alipiga simu kwa kutumia simu ya mwalimu wa zamu. Alikuwa akilala na sweta, soksi na suruali ya shule, na juu yake amejifunika mashuka matano ya pamba, na bado alikuwa akiamka usiku wa manane meno yakigongana. Mwalimu alipochukua simu alisema kwa upole kabisa kwamba mtoto hakuleta shuka. Dada yangu, ambaye si mpole sana anapoguswa mwanawe, akajibu kwamba amempa mashuka matano, mawili kati ya hayo mapya, na kama yameibwa bwenini basi na yatafutwe. Walibishana kwa dakika kadhaa, kila mmoja akisema Kiswahili fasaha na kila mmoja akisema ukweli.

Tulituma blanketi kwa basi siku iliyofuata. Jambo lenyewe lingeweza kuishia hapo, lakini mimi sikuweza kuliacha, kwa sababu kosa lilikuwa langu kuliko la mtu mwingine yeyote. Mwandishi wa barua aliandika neno kama alijuavyo. Dada yangu alilisikia kama alijuavyo. Mimi ndiye niliyekaa baina yao, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara kwa kujua kwamba neno moja laweza kuwa na nyumba mbili.

Kwa wasomaji wa bara, na hata kwa vijana wengi wa siku hizi wa huku kwetu, pengine yafaa nieleze shuka la Malindi na Kilifi ni nini. Ni kitambaa cha pamba, chepesi, kipana, kinachotandikwa juu ya godoro au kujifunikia. Wanawake wa mwambao huyadarizi mashuka kwa nyuzi za rangi, pamoja na foronya zake, wakayaweka kashani kwa ajili ya bibi arusi au mgeni wa heshima. Zamani zaidi shuka lilikuwa pia vazi la kujifunga kiunoni. Ngeli yake kwetu ni LI-YA: shuka hili, mashuka haya. Anayesema "shuka hii, shuka hizi" mara nyingi amekwisha kutujulisha, kabla hajaendelea, kwamba shuka analolifikiria silo letu.

Shuka hilo jingine ni lile vazi zito la miraba, jekundu na jeusi au jekundu na buluu, ambalo Wamaasai hujitanda mabegani na ambalo maduka ya watalii kutoka Nairobi hadi Watamu hulitundika mlangoni. Katika Kiingereza cha Kenya, "shuka" ni hilo tu. Mwenye kuandika barua ya shule kwa Kiingereza hicho hakukusudia kitambaa cha kutandika. Alikusudia kitu chenye joto, mbadala wa blanketi, na katika mazingira yake hakuna mzazi ambaye angemwelewa vinginevyo.

Neno lilifikaje huko? Hapa historia ni tamu, nami naomba msomaji anistahimilie kidogo. Wanaisimu wengi huliunganisha neno letu na neno la Kiarabu "shuqqa", lenye asili ya kitendo cha kupasua: shuka ni kipande kilichopasuliwa kutoka katika jora. Vijana wetu waliofanya kazi katika nchi za Ghuba watashangaa, maana wao wanalijua kama neno la fleti, yaani sehemu iliyokatwa katika jengo. (Walimu wa shule za msingi hupenda kuwaambia watoto kwamba shuka limeitwa hivyo kwa sababu linashuka kutoka mabegani. Ni maelezo mazuri ya kumfanya mtoto asisahau, na sina haja ya kumnyang'anya mtu, ila yasiandikwe katika vitabu. Waingereza nao wana hadithi yao ya mfumaji Thomas Blanket wa Bristol, wa karne ya 14, eti ndiye aliyelipa blanketi jina lake, ilhali neno hilo ni la zamani kumliko na limetokana na Kifaransa cha kale, likimaanisha sufu nyeupe isiyotiwa rangi.)

Katika karne ya 19 shuka lilikuwa pia kipimo. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba nguo kama vile leo tunavyobeba noti. Shuka moja lilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili hivi, na mashuka mawili yalifanya doti. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, alivieleza vipimo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Nguo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi kutoka katika viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na mabaharia wa bandari ya Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikatiza biashara hiyo, na viwanda vya Bombay vikapata nafasi yao. Lakini jina la kipimo lilibaki. Mtu wa bara alilipwa shuka, akajifunga shuka, akaliita shuka. Na watu waliokuwa wakivaa ngozi walipoanza kuvaa nguo za dukani, neno la kuiita nguo hiyo lilikuwa limekwisha kutangulia.

Wamaasai wenyewe wana neno lao, "olkarasha". Wengine ndio waliowaitia vazi lao kwa neno la pwani. Kisha Kiingereza cha Kenya kikalichukua neno hilo kutoka katika Kiswahili cha bara, kikalifinya mpaka likawa na maana moja tu, na sasa kinaturudishia sisi wenye mwambao ndani ya bahasha ya shule, likiwa na sura ileile na maana nyingine. Dada yangu alilipokea kama mtu anavyompokea ndugu aliyerudi kutoka safari, bila ya kumwuliza alikuwa wapi.

Sasa, neno likihama nyumba, nyumba haibaki tupu. Ikiwa shuka ni lile la miraba, kile kitambaa cha kutandika kitaitwaje? Jibu analijua kila mwanafunzi: "shiti". Na hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu wanisikilize.

Siku moja nilikuwa nimeketi dawati la nyuma katika shule ya msingi isiyo mbali na mji wa Malindi, nikimtathmini mwalimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa binti mwerevu, mwenye maandalio safi, aliyezaliwa mbali na pwani. Alikuwa ameandika ubaoni sentensi yenye pengo: Mama alitandika kitu fulani juu ya godoro. Mtoto mmoja wa kiume, aliyekaa karibu na dirisha, akanyosha mkono akasema, "Shuka." Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapana. Shuka ni ile ya Wamaasai. Hii ni shiti." Kisha akaliambia darasa zima lirudie, nalo likarudia mara tatu. Mtoto yule aliketi. Nilimwona akiandika.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwarobaini nikamwuliza kwa nini alilikataa jibu lile. Hakuona haya kunijibu. "Daktari, kwetu shuka hatutandiki. Tunajifunika." Alikuwa akisema kweli ya kwao, kama vile mwalimu wa zamu alivyosema kwa simu. Sikumpunguzia alama kwa hilo. Nilimwomba tu arudi darasani kesho yake amwambie mtoto yule kwamba neno lake ni neno, na kwamba limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 kama vile limo katika midomo ya nyanya zake. Aliniahidi, nami naamini alifanya hivyo. Lakini mimi nilikuwa darasani humo kwa bahati. Ni madarasa mangapi yasiyo na mtu wa kuketi dawati la nyuma?

Mtoto anapoambiwa kwamba jibu ni "shiti", hajifunzi Kiingereza, kwa sababu hilo silo Kiingereza, wala hajifunzi Kiswahili. Anachojifunza ni kwamba maneno aliyokuja nayo kutoka nyumbani hayafai kuletwa shuleni. Mtoto wa Mambrui au Takaungu, ambaye angestahili kuwa na wepesi katika somo la Kiswahili kuliko masomo mengine yote, anaanza kulisoma kama lugha ya wenyewe wasio yeye.

Neno lenyewe la Kiingereza, "sheet", silo dogo kama linavyodhaniwa. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye atakuonyesha bati. Muulize mpiga chapa atakupa karatasi. Sisi tuna bati, tuna karatasi, tuna shuka: vitu vitatu, maneno matatu. Na kuna la nne, ambalo lilinifundisha mimi mwenyewe somo.

Katika darasa langu la tafsiri niliwahi kuwapa wanafunzi kifungu kuhusu safari ya jahazi. Palikuwa na mahali nahodha anaamuru "sheet" ivutwe. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi na mwenye chombo chake pale Kilifi, aliandika: "Nahodha akaamuru shuka livutwe." Darasa lilicheka, wengine wakidhani shuka ni tanga. Si tanga. Katika lugha ya mabaharia wa Kiingereza neno hilo ni kamba, ile inayofungwa pembe ya chini ya tanga ili kulikaza au kulilegeza upepo unapobadilika. Limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha hiyo pembe ya tanga, likawa jamaa wa karibu wa neno la kitambaa cha kitandani, na baada ya karne nyingi mawili hayo yakafanana kabisa kwa sura.

Nilimwuliza yule kijana, "Baba yako kamba ile anaiitaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Demani," akasema. Kisha akanitazama kama mtu aliyekamatwa.

Demani, kamba ya tanga, neno lilelile tunaloliitia majira ya upepo wa kusi unapotulia, kuanzia mwezi wa Agosti. Alikuwa nalo. Alikuwa amelisikia tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Lakini aliposhika kalamu hakulitafuta nyumbani kwao, kwa sababu miaka kumi na mitano ya shule ilikuwa imemfundisha kwamba huko hakutoki majibu. Nimewahi kusoma masahihisho mengi ya kuhuzunisha katika kazi hii, lakini hilo "shuka livutwe" bado linanikera, na si kwa sababu ya kijana yule.

Niongeze jambo moja la kitandani papo hapo, kisha niliache. Watu wa Kilifi wanajua kwamba utafiti uliofanywa katika wilaya yao katika miaka ya 1990, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliweza kupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban thuluthi moja. Ni fahari ya Kilifi kwamba ushahidi huo ulitoka kwetu. Lakini sikiliza watu wakizungumza leo: chandarua kimekuwa "neti", na katika vijiji vya wavuvi neti ni neti, ya mbu na ya samaki pia. Kiswahili kilikuwa kimetofautisha chandarua na wavu tangu zamani, cha kulalia ni kingine na cha kuvulia ni kingine. Kiingereza, katika jambo hili, kina neno moja kwa vitu viwili, nasi tumekubali kuupokea ufukara huo kana kwamba ni maendeleo.

Najua watakaosema kwamba huyu ni mmoja wa wale wazee wa kusafisha lugha, anayetaka kila neno la kigeni lirudishwe kwao. Hasha. Mtu wa Malindi hawezi kusema hivyo akalala usingizi, kwa sababu kitanda chake kizima kimetoka baharini. Foronya ni ya Wareno. Godoro lina jamaa zake katika Kigujarati. Bushuti, blanketi la wazee wetu, limetoka kwa Waarabu na joho lao, na blanketi lenyewe limetoka kwa Waingereza. Hata leso, ambayo mwanamke wa huku hujifunika nayo usiku wa joto badala ya shuka, ni neno la Kireno, "lenço".

Na hapo pana jambo la kufurahisha ambalo sijaliona likitajwa mara nyingi. Wareno walifika Malindi mwaka 1498. Waitaliano walifika kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, wakati wa kituo cha anga cha San Marco pale Ngomeni, na baadaye kwa mahoteli na majumba yao. Mtandika vitanda katika hoteli ya Malindi leo hulijua neno la Kiitaliano la shuka, "lenzuolo", na chumba cha kuhifadhia vitambaa hukiita kwa neno la Kiingereza "linen". Maneno haya matatu, leso, lenzuolo na linen, yote yana asili yake katika jina la Kilatini la mmea wa kitani. Yamefika ufukwe mmoja kwa vyombo vitatu katika muda wa miaka mia tano, na mwanamke mmoja wa Malindi aweza kuyatumia yote kabla ya saa sita za mchana bila ya kujua kwamba anawakusanya ndugu.

Kwa hiyo sina ugomvi na wageni. Leso ilipokuja haikumfukuza mtu. Foronya ilikuja na kitu chake, ikapewa mahali pake kitandani. Shiti imekuja bila ya kitu. Kitu kilikuwapo, kimetandikwa, kimedariziwa, kina jina. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi baina ya neno la kukaribishwa na neno la kuulizwa limefuata nini.

Wala sisemi kwamba shuka la miraba ni kosa. Kosa la kwanza la mwanaisimu ni kuwaambia watu milioni kadhaa kwamba hawajui wanachokisema. Neno limepata maana ya pili katika Kiswahili cha Kenya, na watungaji wa kamusi wanapaswa kuiandika, waonyeshe inatumika wapi na katika ngeli gani, pembeni mwa ile ya kwanza, si juu yake. Salim Bakhressa aliitoa kamusi yake mwaka 1992 akaiita kamusi ya maana na matumizi, na jina hilo peke yake ni somo: maana bila ya matumizi ndiyo iliyompeleka mpwa wangu nyanda za juu bila ya blanketi.

Kutoka kwa walimu nataka mambo madogo. Mtoto akisema shuka, apewe alama yake. Mwalimu aliyetoka bara akija pwani, na wa pwani akienda bara, aulize kabla ya kusahihisha. Watahini wayakubali yote mawili pale sentensi inapoyaruhusu. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotafuta mada za utafiti, ambao kila mwaka huniletea mapendekezo ya kuchambua riwaya ileile, waende Mambrui, Ngomeni, Takaungu na Mayungu wakakae na watandika vitanda na wafunga matanga.

Kutoka kwa walimu wakuu nataka jambo moja kubwa zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Barua inayomwambia mzazi amnunulie mtoto nini ndiyo barua rasmi ya kwanza ambayo wazazi wengi huipokea maishani mwao. Iandikwe kwa lugha zote mbili. Na ikiandikwa kwa Kiswahili, mwandishi akifika penye "shuka" asimame ajiulize mzazi wa Wajir, wa Busia na wa Mambrui kila mmoja atakwenda kununua nini. Nina yakini angeandika "blanketi zito", akaongeza kwamba huku kuna baridi. Maneno machache tu, na mtoto angelala.

Mwezi wa Aprili mpwa wangu alirudi nyumbani kwa likizo. Nilikwenda Mambrui kumwona. Alikuwa amenenepa kidogo, sauti imeanza kuwa nzito, na ndani ya sanduku lake, juu kabisa, palikuwa na lile vazi la miraba myekundu, alilonunua kwa pesa za matumizi baada ya kuona kwamba kila mtu bwenini analo. Tulikula, tukazungumza. Usiku ulipoingia, joto likiwa bado halijaondoka katika kuta, akasimama mlangoni mwa chumba akauliza:

"Mama, shiti ziko wapi?"

"Nini?"

"Shiti. Za kutandika."

Dada yangu alifungua kasha akatoa shuka la kudarizi, jeupe, lenye maua ya kijani pembeni, akamnyoshea. "Shuka hili hapa."

"Si hilo, mama, yaani ndilo, lakini shuka ni ile," akasema, akionyesha sanduku kwa kidole.

Dada yangu akanigeukia, shuka bado limo mikononi mwake. "Kaka," akasema, "msomi ni wewe. Haya, mwambie."